Nani anaumwa humu ndani?

Fundi alikuja kutazama soketi ya jikoni iliyokuwa ikitoa cheche. Akachuchumaa, akalegeza skrubu, halafu akasita na kunusa hewa. Nikadhani amesikia harufu ya waya unaoungua. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye birika la kioo pale mezani: fundo la mchaichai limezama chini, maji yameshika rangi ya njano yenye ukijani, mvuke umejikusanya kwenye kisahani nilichofunikia.

"Dada, nani anaumwa humu ndani?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa.

"Aa, basi ya kujikinga."

Hapana, nikasema, ni ya kunywa tu. Akaitikia kwa adabu ya mtu asiyetaka kuchimba siri za nyumba ya wenyewe, akarudi kwenye nyaya zake. Alipomaliza nikammiminia kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akauliza:

"Nianze kabla ya kula au baada?"

Soketi ilipona siku hiyohiyo. Swali ndilo lililobaki likinizunguka wiki baada ya wiki, kwa sababu nilipoanza kutega sikio niligundua kila mtu ananiuliza hilohilo. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alinipa pole kabla sijafungua mdomo. Mwenzangu kazini alifungua chupa yangu ya chai, akanusa, akashusha sauti: "Ni presha au sukari?"

Chai haiulizwi

Kila asubuhi Mwanza nzima inakunywa chai ya rangi yenye tangawizi. Wengine wanaongeza iliki, wengine mdalasini, wengine karafuu. Vyote hivyo utavikuta kwenye meza ya muuza dawa za asili, vimefungwa kwenye vipakti na orodha ya magonjwa pembeni. Lakini ukimkaribisha mtu chai ya tangawizi hatakuuliza unaumwa wapi. Ondoa majani ya chai, ondoa sukari, bakiza tangawizi na mdalasini vilevile ndani ya sufuria ileile, uone. Umeshakuwa mgonjwa.

Nadhani sukari ndiyo hakimu. Kilicho kitamu ni kinywaji, na kisicho na sukari lazima kiwe na sababu.

Tazama hata namna tunavyokunywa. Chai tunaikalia. Tunaichukulia kitafunwa, tunaipulizia, tunaizungumzia watu. Dawa inanywewa kwa kusimama karibu na sinki, kwa mkupuo mmoja, uso umekunjwa, kisha mtu anatafuta maji ya kusukutua. Nimewahi kumpa mgeni mchaichai wenye asali, akakunja uso kabla kikombe hakijafika mdomoni. Uso ulikuwa umeshajiandaa.

Na kama ni dawa, basi uchungu ndio ushahidi kwamba inafanya kazi. Ndiyo maana majani yanachemshwa mpaka maji yawe meusi, "nguvu itoke yote". Hapo ndipo swali la fundi lilipoacha kunichekesha. Tunayapika vibaya majani haya kwa sababu hakuna anayetarajia yawe matamu.

Kikombe cha shilingi 500

Tulifikaje hapa, sote tunajua. Mwenye umri wa kutosha anaikumbuka 2011 na kijiji cha Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, mizizi ya mugariga iliyochemshwa, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Wapo waliotoka wodini kwenda kukinywa. Wapo waliofia njiani.

Mimi nimekuwa nikiwauliza waliokwenda swali moja tu: kilikuwa na ladha gani?

Hawakumbuki. Wanakumbuka vumbi, foleni ya magari isiyo na mwisho, kulala kwenye viti vya basi. Mmoja alifikiri muda mrefu halafu akanijibu, "Ilikuwa dawa bwana, ladha ya nini?"

Ikaja 2020 na nyungu zake. Mikaratusi ilinyolewa, milimao ikabaki vijiti, bei ya tangawizi na malimao ikapaa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, nayo ikatoa kinywaji chake cha NIMRCAF chenye tangawizi na malimao ndani. Mtaani kwetu mchaichai ulikatwa mpaka chini. Mbegu yangu ya kwanza nilipewa na jirani aliyebakiwa na kisiki kimoja, akaning'olea kipande chenye mizizi akisema nikipande haraka "maana hujui lini itarudi". Aliyemsemea ni korona, si mimi wala chai yangu.

Na wale wenye spika ndogo karibu na masoko mnawajua. Sauti imerekodiwa, inazunguka mchana kutwa: vidonda vya tumbo, miguu kuwaka moto, nguvu za kiume, uzazi, kuota ndoto mbaya. Nimesimama makusudi nikisubiri nisikie sifa moja ya ulimi. Hata siku moja hajasema kitu ni kitamu. Angesema hivyo, nahisi wateja wangeondoka.

Mama hataki hata kuusikia

Nilidhani nimepata hoja yangu: majani yamefungwa kwenye gereza la ugonjwa, mimi nayafungulia. Nikampigia mama aliyeko Magu kumsimulia habari ya fundi. Hakucheka.

"Mimi huo mchaichai niliunywa mpaka basi."

Mama alikuwa msichana miaka ile ya mwanzo wa themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji lakini halina kitu. Sukari ya foleni. Sabuni ya foleni. Majani ya chai yakipatikana yanafichwa kwa ajili ya wageni. Nyumbani kwao asubuhi walikunywa mchaichai uliootea nyuma ya jiko, pamoja na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na utamu wote wa kifungua kinywa ulitoka kwenye matobolwa.

"Hatukuwa wagonjwa, mwanangu. Tulikuwa hatuna."

Sukari iliporudi dukani, mama akaachana na mchaichai. Mpaka leo akija kwangu anadai chai ya maziwa, nzito, sukari ya kutosha, na sina ubavu wa kumkatalia.

Hilo lilinivuruga zaidi ya fundi. Kwa fundi majani haya ni ugonjwa, kwa mama ni dhiki. Na mimi je? Nikalitazama birika langu la kioo nikajiuliza kama si mapozi tu ya mtu ambaye sukari ipo kabatini, anayeweza kuiacha kwa hiari na kujiona ana ulimi wa pekee. Sijalimaliza swali hilo. Nadhani kuna ukweli ndani yake, na birika lenyewe halikuwa la bei rahisi.

Lakini mama aliongeza kitu kabla hajakata simu. Nilimuuliza bibi aliuchemshaje, naye akashangaa: bibi hakuuchemsha. Kuni Usukumani zilikuwa za kufuata mbali, hakuna mtu angeteketeza kuni kwa ajili ya majani. Maji yakishachemka aliipua, akatumbukiza majani, akafunika kwa sahani ya bati, akaweka na kitambaa juu, akaenda kukamua ng'ombe. Akirudi imeiva.

"Na ilikuwa inakwenda," mama akasema, kwa shingo upande. "Na matobolwa ilikuwa inakwenda."

Mwanamke aliyekuwa akibania kuni alikuwa anaupika mchaichai sawasawa kuliko wote tunaoutesa juu ya gesi nusu saa.

Mfuniko

Harufu ya mchaichai ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, kitu kilekile kinachonukia kwenye ganda la limao. Ni mafuta mepesi, yanaondoka na mvuke. Kwa hiyo nyumba nzima ikinukia mchaichai, mtu anakusifia, ujue hiyo ndiyo chai ambayo hutainywa. Imeshatoka dirishani.

Jaribu hivi. Funika kikombe kwa kisahani, subiri dakika kumi, kisha geuza kisahani ulambe yale matone yaliyoshika chini yake. Ukali wa limao uliomo kwenye tone moja unashinda funda zima la kikombe kilichoachwa wazi. Mimi huyakung'utia ndani kabla ya kumimina, na watoto wa jirani wananiona mchawi.

Mashina mabichi nakata chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu ule weupe wa chini ndio wenye mambo. Majani yana makali pembeni, yanachana vidole bila taarifa, basi shika kwa kuelekea juu. Navua ganda la nje lililokauka, naugonga weupe kwa mchi wa kinu mara moja au mbili mpaka upasuke tu, sitaki usagike. Majani ya juu nayakunja na kuyafunga fundo ili nisihitaji chujio. Mashina matatu au manne kwa lita moja. Maji yachemke, niipue, nisubiri yatulie, ndipo niyamimine na kufunika. Baada ya dakika kumi yako tayari. Ukiyaacha saa nzima yanaanza kutoa ladha ya nyasi za paa.

Mizizi na magome yana tabia nyingine. Tangawizi na mdalasini ukivimiminia maji na kuviacha, utapata maji ya moto yenye ahadi. Hivi vinataka moto mdogo wa kuendelea, mfuniko juu, dakika kumi na tano mpaka ishirini. Na hapa Mwanza ongeza kidogo: uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar. Kwa majani haidhuru chochote. Kwa gome gumu la mdalasini, dakika hizo chache utazionja.

Halafu kuna choya, wengine wanaiita rozela. Tunasema maua, ila kinachouzwa sokoni ni vile vifuniko vinene vyekundu vinavyobaki vikilikumbatia tunda baada ya ua lenyewe kudondoka. Ina asidi nyingi, na ndiyo maana siiweki kabisa kwenye sufuria ya alumini, hizi nyepesi ambazo karibu kila jiko linazo. Asidi inaila alumini, na kikombe kinakuja na ladha ya mtu aliyeng'ata sarafu. Kioo, udongo au chuma kisichoshika kutu, hivyo sawa. Wengi wanaichemsha; mimi naiona tamu zaidi ikilala. Konzi moja ndani ya jagi la maji yaliyochemshwa yakapoa, usiku kucha kwenye friji, asubuhi chuja. Inatoka nyekundu ya kung'aa na ukali wake umetulia. Ukiwa na watoto, toa kikombe kimoja uwatilie punje ya magadi mbele ya macho yao: wekundu unakimbia, kinabaki kitu cha kibuluu chenye ukijani. Usiwape wanywe hicho.

Kivumbasi sikipendi. Nimekipika kwa njia zote, nimekiheshimu, bado nasikia dawa ya mbu. Wenye nacho waendelee kukifurahia.

Upepo wa Mwaloni

Nakaa mlimani Kirumba, katikati ya mawe, mahali ambapo ukitaka bustani unaitafuta kwenye nyufa. Mchaichai unapenda hapo. Maji yanapita, mizizi yake inashika udongo, na mbuzi wa mtaani wanaubagua. Tatizo ni kuukausha.

Mchana jua likipasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ile ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake. Usiku mambo yanageuka, upepo unakwenda ziwani. Kila mtu wa pwani ya ziwa anajua hili kwa ngozi yake, na wavuvi wanalijua kwa tanga. Mimi nalijua kwa pua. Chini yetu kuna Mwaloni, na Mwaloni kuna dagaa. Ikifika alasiri, upepo unapanda mlima ukiwa umebeba kila kilichoanikwa na kupakiwa kwenye magunia pale soko la samaki.

Majani makavu yananyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Ungo wa mchaichai ukikaa barazani hadi jioni, unakunywa chai yenye dagaa ndani yake. Wapo ambao labda wangeipenda.

Kwa hiyo naanika asubuhi na mapema, wakati hewa bado inatoka upande wa milimani, tena kivulini, maana jua kali linafukuza mafuta na kuyaacha majani na rangi ya karatasi ya zamani. Kabla ya saa sita ungo uko ndani. Siku inayofuata hivyohivyo, mpaka jani likikunjwa linavunjika kwa sauti. Kisha chupa ya kioo, kifuniko cha kubana, kabatini mbali na vitunguu. Wakati wa masika sijisumbui. Unyevu unaleta ukungu, na mchaichai mbichi upo nje umejaa.

Shangazi na vidonge

Mpaka hapo nilikuwa nimeshajitengenezea jibu. Mtu akiuliza inatibu nini, nasema inatibu kiu. Nilikuwa najipenda sana kwa jibu hilo.

Kisha akaja shangazi kutoka Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, jipya kabisa, yeye bado anataka kivuko cha Kamanga kwa sababu pale anapata stori. Ana presha ya miaka mingi, vidonge vyake anavibeba kwenye mfuko wa plastiki pamoja na daftari la kliniki. Mchaichai aliukataa siku ya kwanza. Choya akaipenda kwa rangi. Akawa anajimiminia mwenyewe, asubuhi na jioni, na hakuuliza swali hata moja, nikamwona ndiye mtu wa kwanza aliyenielewa.

Asubuhi moja akasogeza vidonge mezani.

"Juzi nilipimwa pale duka la dawa, presha imeshuka. Ni hii nyekundu yako. Nipunguze hivi vidonge?"

Jibu la kiu lilikuwa mdomoni. Ningelisema, ningekuwa nasema uongo. Choya imefanyiwa tafiti, na zipo zinazoonyesha kwamba kuinywa kila siku kunaweza kushusha presha kwa kiasi fulani. Wenye spika hawakuitoa hewani. Walichofanya ni kukichukua kiasi fulani na kukipa sauti ya spika. Na mimi, kwa ukaidi wangu wa kutetea ulimi, nilikuwa nimekifuta kabisa. Jani halijui kama umelikaribisha kama kinywaji au kama dawa. Likishaingia mwilini linafanya linachofanya.

Nilimwambia hapana, asipunguze hata nusu. Kidonge kina miligramu zilezile leo na kesho. Jagi langu linategemea konzi ilikuwa kubwa kiasi gani, maua ni ya msimu gani, limelala saa ngapi. Hakuna daktari anayeweza kuhesabu juu ya konzi ya mkono wangu. Tena ikiwa kweli choya inashusha, basi vidonge pamoja na choya vinaweza kumshusha kupita alipotakiwa kufika, na kizunguzungu kwenye ngazi za mawe za Kirumba si mchezo.

Alikasirika kidogo. Alitaka nichague upande: ni dawa, au si dawa?

Tukaenda kliniki. Nesi alimsikiliza vizuri kuliko nilivyomsikiliza mimi. Hakumkemea wala hakumcheka. Alimuuliza anakunywa kiasi gani, kikombe cha ukubwa gani, nyakati zipi, tangu lini. Akampima mara mbili kwa kupishana. Vidonge vikabaki vilevile, akamwambia choya anywe kikombe kimoja kwa siku, asiongeze wala kuruka hovyo, arudi baada ya mwezi. Halafu akaandika kwenye daftari, mstari mmoja chini ya majina ya dawa: choya, kikombe kimoja, jioni.

Shangazi alitoka pale amenyooka. Imeandikwa, ina muhuri karibu yake, imekuwa kitu. Mimi nilitembea nyuma yake nimenuna, mtu aliyetumia wiki zote zile kutoa majani kwenye orodha ya dawa, leo nimeyasindikiza mwenyewe mpaka ndani ya orodha.

Sasa ananywa kikombe chake kila jioni, amekaa, na matobolwa niliyomletea kutoka kwa mama. Anatia sukari vijiko vitatu vilivyojaa. Hiyo haikuandikwa mahali popote, na nikiigusa habari yake ananiuliza kama nami siku hizi nimekuwa nesi.